Nilivyogawa Dawa ya Moyo

Daktari alimwandikia baba dawa tatu, lakini maelezo alinipa mimi. Baba alikuwa amekaa vifungo vya shati vimefunguliwa, anatazama dirishani kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa mwingine. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameanguka bandarini, kati ya magunia aliyokuwa akimtolea mtu forodhani, na waliomwokota walidhani amepigwa risasi.

Kidonge cha kwanza kilikuwa cha kushusha mafuta ya damu, kolesteroli. Cha pili kilituliza mapigo ya moyo na kushusha presha. Cha tatu kilikuwa aspirini ndogo, ya kuzuia damu isigande mishipani. Vyote vitatu, kila siku, baada ya chakula cha jioni.

"Sio moja, sio mbili," daktari aliniambia. "Zote tatu zinatumika pamoja. Ukitoa moja, zenye zinabaki zinabeba muzigo haiko yao."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha vita vilipokaribia mtaa, na baada ya mama kufariki sikurudi tena. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi ya Kifaransa isiyo na jalada na kwa karatasi yoyote iliyopita mikononi mwangu. Karatasi za ndani ya maboksi ya dawa nilizisoma kama wengine wanavyosoma Biblia, mstari kwa mstari. Kila jioni niliweka vidonge vitatu kwenye kisahani cha chai, nikavihakikisha mara tatu, kisha nikampa baba. Akishameza nilimwambia afungue mdomo nione chini ya ulimi. Alifungua. Mwanaume aliyebishana na manahodha na maofisa wa forodha maisha yake yote, alinifungulia mdomo.

Dawa zenyewe zilikuwa hazionekani mjini kwa miezi. Tulizipata kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu ambaye baba alimtolea mizigo bandarini tangu sijazaliwa. Yeye aliziagiza Dar, zikaja kwa boti ya Kigoma pamoja na mali yake. Boti ikichelewa, tulingoja.

Kisha milio ya bunduki ilishuka mpaka Kanyosha, pembezoni mwa mji, alikokuwa akilima baba mkubwa, naye akaja kwetu mtaa wa Mutanga Sud. Alikuja na godoro kichwani na jembe mkononi. Jembe hakuliacha, ingawa kwetu hapakuwa na hata futi moja ya kulima. Mke wake alikuwa ameshavuka kwenda Tanzania. Yeye alisema hawezi kuvuka ziwa akiacha maharage shambani.

Kwetu, mkubwa akikaa mezani, hakuna sahani inayompita. Anaanza yeye, na cha kwanza ni chake. Jioni ile ya kwanza nilimpa ugali kwanza, nikampa dagaa kwanza, nikampa maji kwanza. Halafu nikaweka kisahani mbele ya baba.

"Ile ni nini?" baba mkubwa akauliza.

"Dawa ya moyo, kaka," baba akajibu.

"Ah! Na mi moyo inanisumbua. Nikipanda mulima kidogo tu, pumuzi inaisha, moyo inapanda mupaka hapa." Akashika koo.

Baba akakisukuma kisahani upande wa pili wa meza. "Anza we."

"Baba, apana," nikasema. "Daktari alisema..."

"Daktari hakujua kaka yangu atakuja."

Baba mkubwa akacheka. "Muache mutoto. Anaogopa nitakula na kisahani."

"Gawa, mama," baba akaniambia. Aliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa sababu nilifanana na mama yake. "Muchele umegawa, mablanketi umegawa. Mi siwezi kumeza dawa ya moyo mbele ya kaka yangu, yeye ananiangalia tu kama mbuzi ya sikukuu."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kwa daktari kesho yake asubuhi, ni mwendo wa dakika ishirini. Sikwenda. Na nataka niseme ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi: sikutii kwa unyenyekevu. Nilifurahi. Nilipewa kazi ngumu inayohitaji mkono usiotetemeka na kichwa kisichosahau, na nilijua hakuna mtu pale nyumbani angeifanya vizuri kuliko mimi.

Nilinunua wembe mpya. Kidonge cha mafuta ya damu kilikuwa kigumu kukata, kwa hiyo baba alimeza leo, baba mkubwa kesho. Kile cha mapigo nilikikata katikati kabisa, na aspirini vilevile. Unga uliobaki kwenye kisahani niliuokota kwa ncha ya kidole kilicholowa na kuugawa nao. Nilichora jedwali kwa rula, kalamu mbili, bluu ya mkubwa na nyekundu ya mdogo, nikalitia ndani ya Biblia yangu. Lilikuwa zuri. Naliona mpaka leo.

Tena nilisoma ile karatasi ya kidonge cha mapigo, kwa sababu mtu mwangalifu husoma mara mbili. Chini, kwenye orodha ya wasioruhusiwa kukimeza, palikuwa na neno la Kifaransa la pumu. Nililijua. Na kila asubuhi nilisikia kifua cha baba mkubwa kikipiga filimbi nyuma ya pazia, kabla hajakohoa na kuamka. Kwetu mtoto hamuulizi baba mkubwa anaumwa nini. Anangoja aambiwe, na yeye alikuwa ameshasema ni moyo. Nilijificha nyuma ya adabu hiyo. Kama ningeuliza na akasema ndiyo, jedwali lote lingeharibika.

Wiki tisa zilipita hivyo. Baba akitoka bandarini alianza kusimama njiani kwenye mwinuko wa kuja kwetu, akisalimia watu ambao zamani alikuwa akiwapungia mkono tu. Nilimwona mara mbili na nikajiambia amezeeka. Baba mkubwa alikohoa zaidi, akalaumu baridi ya Mutanga.

"Muganga wangu bila blouse," alikuwa akinitania jioni, yaani daktari asiye na koti jeupe, akifungua mdomo kabla sijamwambia. "Angalia vizuri, pengine nimeificha mu jino."

Jumapili moja tulikuwa tunavaa twende kanisani. Nilimwita baba mkubwa mara tatu, hakuitika. Nikafungua pazia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro, mikono imeshika magoti kwa nguvu, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, anavuta hewa isiyoingia. Hakuweza kusema hata neno moja. Baba alimbeba upande wa kulia, mimi kushoto, mpaka kwa daktari. Mlango wa kliniki ulipofunguliwa na kaka yake akapokelewa, baba aliketi kwenye ngazi ya nje, taratibu, akaweka kiganja kifuani.

"Nenda na yeye," aliniambia. "Mi napumuzika tu."

Nilisimama kati ya ngazi na mlango. Sijawahi kusimama mahali pabaya kuliko pale.

Walimlaza baba kitanda cha pili. Baba mkubwa walimwekea mashine ya kupumulia dawa, na baada ya muda kifua chake kikaanza kushuka na kupanda kama cha mtu. Ndipo daktari, yuleyule, akageuka.

"Huyu ana pumu, na sio ya leo. Anakunywa dawa gani?"

"Hakuna," baba akajibu kutoka kitandani.

"Anakunywa nusu ya dawa ya mapigo," nikasema. "Ya baba."

"Ile dawa inafunga kifua ya mutu wa pumu. Na baba yako naye anakunywa nini? Nusu?" Akatutazama mmoja mmoja. "Nani aligawa?"

"Ni mimi," baba akasema.

Nilimwacha amalize. Nalikiri na hilo: kwa pumzi moja nzima nilimwacha abebe lawama. Halafu nikafungua Biblia niliyokuwa nayo kwenye mkoba wa kanisani, nikatoa jedwali, nikampa daktari. Alilisoma kutoka juu mpaka chini.

"Iko safi sana," alisema. Hakusema kwa hasira. "Ungekuja nayo siku ya kwanza, tungeipasua pamoja."

Walirudi nyumbani wote wawili, baba mkubwa na dawa yake mwenyewe, ya kuvuta. Jioni ya kwanza nilileta vidonge vitatu vizima. Baba alivitazama, akamtazama kaka yake, hakunyoosha mkono. Nilidhani tutaanza upya. Baba mkubwa akanyoosha wake, akakivuta kisahani mpaka kwake.

"Nani mukubwa hapa?"

"Ni we, kaka."

"Basi hii ni yangu, na mi nagawa vile napenda." Akachukua kidonge kimoja kimoja, akakitia kwenye kiganja cha mdogo wake. "Ya kwanza, yako. Ya pili, yako. Ya tatu, yako. Meza, nione."

Ikawa hivyo kila jioni. Alipopata nafasi ya kurudi Kanyosha hakwenda, akisema maharage yanaweza kungoja.

Baba aliishi miaka minne tena. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akifunga viatu. Nilikwenda kumuuliza daktari kama zile wiki tisa zilimpunguzia maisha, na kama zilimpunguzia, ni kiasi gani. Akasema hajui, na hakuna anayeweza kujua. Nilimwomba aniambie hata anavyofikiri. Alitikisa kichwa.

Siku ya tatu ya matanga, watu walipopungua, baba mkubwa aliniita nikae karibu naye.

"Mama," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Ile nusu yangu. Ni yenye ilimumaliza?"

"Apana, baba mukubwa," nikajibu haraka, kabla hajaona uso wangu. "Daktari alisema apana."