Mguu wa Mama na Mayai ya Funza

Mama alikuwa bingwa wa kutoa funza. Enzi hizo za Mwingereza, nyumba zetu za Muleba zilitandikwa nyasi sakafuni, na humo funza walistarehe kuliko sisi. Jioni watu walimletea miguu yao, naye kwa mwiba tu alimtoa mdudu na mayai yake yote bila kumpasua. Sasa mguu wake mwenyewe ulipovimba, nani angemwambia kitu?

Vitundu vilijitokeza, vikatoa usaha wenye punje nyeupe kama chembe za chumvi. "Mayai hayo," akasema, akachokonoa. Mguu haukumuuma sana, na hilo ndilo lililomponza. Alichokonoa mwaka hadi mwaka, mguu ukawa gogo, na kiatu cha kanisani akakiaga. Majirani walipoanza kunong'ona habari za ukoma, uvumilivu ulinishinda.

"Maawe, mama yangu, funza gani huyu asiyekwisha? Twende Bukoba!"

Alinitukana nikatukanika, kisha akapanda basi.

Hospitalini, kitanda cha pili kilikuwa na mama mmoja wa kisiwa cha Bumbire, mguu uleule, utadhani wamezaliwa pamoja. Wakapendana papo hapo. Walitaniana nani atakayemkanyaga mwenzake akafa. Punje za yule mama zilikuwa nyeusi.

Daktari, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuchechemea, alichukua punje za kila mmoja, akatueleza bila kuficha. Hao si funza wala ukoma. Ugonjwa huu ni wa nadra, nao huletwa ama na bakteria ama na kuvu. Wa bakteria husikia dawa. Wa kuvu, mguu hukatwa.

"Rangi inadokeza," alisema, "lakini siapi mpaka nitazame kwenye hadubini."

Tulisubiri roho juu. Mtu asiye na mguu atalimaje kibanja cha migomba?

Asubuhi alianza na Mama. Ni bakteria. Atameza vidonge miezi mingi, lakini mguu unabaki. Ee Mungu wangu! Nikapiga vigelegele wodi nzima ikageuka. Mama alinifinya paja.

Daktari alikuwa amekigeukia kitanda cha pili, akiufunika shuka taratibu mguu wa yule mama.

"Nimekwisha kuelewa, bwana," yule mama alimwambia. "Mwache kwanza binti amalize vigelegele vyake."

Sikuweza kumaliza.