Kipande Namba Tatu

Apollinaire alikuwa na miaka hamsini na minne, na kazi yake ilikuwa kusugua vyuma. Kwao Likasi, Kongo, alikuwa fundi katika maabara ya kiwanda cha shaba. Hapa Durban, baada ya miaka mingi ya kubangaiza, maabara moja ya chuo ilimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Wanafunzi walimletea fimbo za aloi, naye alizikata, akaziandika namba, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama kioo, akazipaka asidi ili hadubini ionyeshe chuma kilivyoshikana ndani.

Jambo moja hakumwambia mtu. Jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu. Kliniki walimwambia ni mtoto wa jicho, na foleni ya upasuaji ni mwaka na nusu. Aliogopa mkataba, akanyamaza, akaendelea kusugua kwa mazoea ya vidole.

Gosbert, Mtanzania wa Bukoba, alikuwa mwaka wa nne wa shahada yake ya uzamivu. Alitafuta aloi nyepesi ya titani na alumini ya kutengenezea mapanga ya injini za ndege. Nyepesi ilikuwa kweli, na moto iliuvumilia. Lakini ikipoa ilivunjika kama sahani. Fimbo kumi na moja zilipita kwenye mashine ya kuvuta, zote zikakatika kabla ya kurefuka hata asilimia moja.

Kisha ikaja namba tatu ya mchanganyiko mpya. Ilirefuka asilimia nne ndipo ikakatika.

"Mzee, umeona? Imevutika!" Gosbert alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

"Nimeona, fiston, mwanangu. Mungu iko."

Siku ile ile profesa wake aliwaandikia wafadhili. Gosbert alimpigia mkewe Ernestina, akalia kwenye simu bila aibu.

Jumatatu Apollinaire alichukua nusu ya fimbo ile aisugue. Ilipotua kiganjani, aliinyanyua mara mbili. Ilikuwa nzito. Akaiweka kwenye mizani, mizani ikakubaliana na mkono. Akaisugua hata hivyo, akainamia hadubini kwa jicho la kushoto, akitafuta zile tabaka nyembamba zilizolaliana kama kurasa za kitabu. Hazikuwepo. Zilikuwepo punje ndogo ndogo za chuma kingine.

Alikwenda kwenye rafu. Pale, kando ya fimbo za Gosbert, palikuwa na za mwanafunzi aliyemaliza zamani, zilizojazwa niobi, chuma kizito. Namba nane haikuwepo. Namba tatu ya Gosbert ilikuwa imelala mahali pake, nzima, haijaguswa. Ni yeye Apollinaire aliyeitoa fimbo asubuhi ya jaribio. Nane aliisoma tatu.

Alizima taa ya hadubini. Hakuna aliyemwona. Kisha akaenda kubisha mlango wa profesa.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Macho yako yako hivi tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mchana waliivuta namba tatu ya kweli. Ilikatika kama zile kumi na moja. Gosbert aliviokota vile vipande viwili, akavitazama.

"Fiston, nisamehe," Apollinaire alisema.

"Ufadhili wangu unaisha mwezi ujao, mzee. Nilishaahidiwa wataongeza, kwa sababu ya hii." Hakupaza sauti. Tangu siku ile hakumwamkia tena, na kabla ya mwezi kwisha akarudi Bukoba bila shahada.

Mkataba wa Apollinaire haukuongezwa. Alipomweleza mkewe Huguette, kwenye chumba chao cha mtaa wa Point, mke aliacha kukunja nguo.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi ungenyamaza! Yule kijana angepata diplôme yake, wewe ungekuwa na kazi."

"Huguette, ile chuma ni ya ndege. Watu wanapanda ndani."

"Ndege ya nani? Iko wapi hiyo ndege?"

Apollinaire alichukua nguo aliyoiacha mkewe, akaikunja. Siku nyingi alijiuliza swali hilo hilo, na kila mara aliona angeenda kubisha ule mlango tena, na kila mara kuona hivyo hakukumfariji hata kidogo. Aliyevunjika alikuwa Gosbert, na ukweli aliousema Apollinaire haukumrudishia chochote.

Baada ya miezi miwili alipata fulana ya njano ya kulinda magari ya watu kwenye maegesho ya South Beach. Wiki ya tatu alimwelekeza mama mmoja arudi nyuma, njoo, njoo, na gari likagonga nguzo ya upande wa kulia ambayo hakuiona. Yule mama alishuka akipiga kelele. Apollinaire alivua fulana, akaiweka juu ya ukuta, akaondoka kwa miguu kuelekea Point, mkono wa kulia ukipapasa ukuta.