Sentensi ya Mwisho ya Baba

Baba alitoka hospitali ya misheni, Lugulu, akiwa na mfuko wa dawa na karatasi aliyoiandika kitandani. Ilikuwa wasifu wake, ule unaosomwa mazishini. Kwetu Bungoma wasifu wa marehemu husomwa kwa Kiingereza, hata kama nusu ya waombolezaji hawakielewi, na msomaji akiteleza, waliokaa nyuma ya hema hucheka. Baba, karani wa serikali aliyestaafu, alikuwa amehudhuria mazishi mengi. Hakutaka kuchekwa akiwa ndani ya sanduku.

Msomaji alimchagua mwenyewe: dadangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi kule Kitale. Baba humwita mayi, yaani mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yake Baba. Kila Jumamosi alikuja nyumbani, akasimama katikati ya sebule na kusoma. Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza.

"Kiingereza kinafunga mdomo," Baba alimwambia. "Sisi tunauacha wazi. 'Clerk' ni silabi moja. Wewe umesema kilaki. Umeniongezea vokali mbili za bure."

"Si hata wewe unasema kilaki, Baba?"

"Mimi sitakuwa nasoma, bana. Mimi nitakuwa nimelala."

Dada alicheka. Mama, aliyekuwa akichambua mboga karibu na dirisha, alibeba sinia yake akaenda jikoni. Tangu siku hiyo, karatasi ilipotolewa tu, aliondoka.

Masomo yaliendelea. Baba alimfundisha kutenganisha "live" na "leave", moja yenye sauti fupi, nyingine ya kuvutwa. "Ukivuta hapo," alisema, "unawaambia nimeondoka, na mimi bado naeleza nilivyoishi." Shingo yake ilikuwa imepungua ndani ya kola ya shati. Sauti nayo ilipungua, lakini masikio yalizidi kuwa makali.

Wasifu uliishia hivi: "He was promoted to glory on", yaani alipandishwa utukufuni tarehe, kisha nafasi tupu.

"Hapo nyamaza kidogo," Baba alisema. "Tarehe watajaza."

Dada hakuwahi kuivuka sentensi hiyo salama. Kila mara alisema "grory". Kubadilishana kwa l na r ni kawaida yetu, kwa hiyo sikushangaa. Kisha Jumapili moja nikamtembelea Kitale, tukaenda kanisani pamoja. Alisoma Biblia katika ibada ya Kiingereza, na neno hilohilo likatoka safi, kila lilipokuja.

Nje ya kanisa nikamuuliza, "Nyumbani linakushinda nini?"

Aliangalia viatu vyake. "Baba aliniambia siku nitakayosoma bila kosa, mambo yake yote yatakuwa tayari. Sasa wewe unataka nimalize?"



Jumamosi iliyofuata alifika mwisho, akasema tena "grory". Baba hakumsahihisha. Alimtazama, kisha akanyoosha mkono kunielekea.

"Mpe ndugu yako asome, mayi. Wewe umechoka."

Dada aliivuta karatasi kifuani kabla sijaigusa. Akasoma upya, kuanzia juu. Konsonanti zilifunga zilipotakiwa kufunga. "Clerk" ikawa silabi moja. "Glory" ikawa "glory". Kwenye nafasi ya tarehe akanyamaza, na kule jikoni kisu cha Mama nacho kikanyamaza.

"Sawa," Baba akasema. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima. "Sasa aitwe fundi. Lango ni jembamba, gari la mochari halitapita."

"Hakuna lango litavunjwa hapa!" Mama akaita kutoka jikoni. "Unasikia?"

Baba alichukua fimbo yake akatoka. Tulimfuata hadi mlangoni. Alikwenda polepole mpaka kwenye lango la ua, akapima upana wake kwa fimbo, akarudi nyuma, akapima tena. Kisha akaichomeka ardhini mahali alipotaka nguzo mpya, akaniita nimletee jiwe la kuwekea alama.

Dada alinishika mkono wa shati. "Usimpelekee," alisema.

Baba akaniita tena.