Gari la Kiti Kimoja

Mdogo wangu Nurudini si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu, ukiulizia habari zake hapa Kasulu, utaambiwa ana kiburi, hana utu, aliwatupa majirani zake kwa ajili ya kikombe cha bati. Wanaosema hivyo ni wale wale waliopanda gari la baba yetu miaka nenda miaka rudi, wala hawakuwahi kumwuliza dereva kama amekula. Mimi ni Shamsia, dada yake, nauza vitenge sokoni, na mdomo wangu wanaujua.

Baba yetu, Mzee Abdalah, alikuwa na duka la vyombo na Datsun ya zamani ya milango miwili, ile ambayo mgongo wake unateremka kwa nyuma. Ilikuwa gari ndogo ya vijana wa mjini, sijui ilifikaje huku milimani. Lakini ilikuwa na jambo lake moja: ukilaza kiti cha nyuma na kufungua buti, mtu mzima analala humo amenyooka. Basi mtaa ukaligeuza gari la kila shida. Mwenye uchungu wa kuzaa alilazwa humo, mwenye malaria iliyopanda kichwani alilazwa humo, na maiti waliotakiwa kuzikwa kwao Buhigwe au Kibondo walipelekwa humo. Bibi harusi alikaa mbele. Baba alikuwa akisema gari ni la Mungu, yeye amewekwa kulitunza tu.

Maneno mazuri hayo, ila aliyekuwa akiamshwa kwenda kuendesha si Mungu wala si baba. Ni Nurudini, tangu hajaota ndevu. Alikuwa anaacha sahani ya ugali inapoa anakwenda kubeba mgonjwa wa mtu. Siku ya harusi yake mwenyewe alijiendesha, bibi harusi pembeni, na njiani wakamsimamisha abebe mzee aliyevunjika mguu. Mke alilia njia nzima. Hata miaka mitatu hawakumaliza, akarudi kwao Kigoma.

Kitu kilichomtia wazimu alikipata Tanga. Alipokuwa kijana alipelekwa kwa wajomba wa baba akasaidie dukani, akayaona magari ya mashindano yakipita kwenye vumbi, mtu mmoja ndani, kofia ngumu kichwani, hambebi yeyote, hasubiriwi na yeyote. Aliporudi alinieleza mpaka nikachoka. Alisema, "Dada, yule mtu alikuwa anakwenda kwa ajili yake tu." Nikamwambia aache upuuzi. Kumbe jambo lilikuwa limeshamkaa moyoni.

Baba alifariki mwaka 2011. Mwaka uliofuata Nurudini akaliingiza gari uani, chini ya paa la mabati, akaanza kulifungua. Aling'oa viti, akang'oa mazulia, akatoa vioo vya nyuma na kuweka plastiki ngumu. Injini aliishusha yote, akaisafisha kipande kwa kipande juu ya gunia. Mwishoni mwa mwaka ule kambi ya Mtabila ilifungwa, Warundi wakarudishwa kwao, na vyuma chakavu vikazagaa kwa wauzaji. Nurudini akapata mabomba mazito, akayakunja kwa moto na kuyachomelea ndani ya gari kama kizimba, ili likibingirika lisimponde. Moja lilitoka juu kulia likashuka mpaka chini kushoto, nyuma ya kiti cha dereva, na mengine yakafunga sehemu yote ya nyuma.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu shida nzima iko hapa. Kwetu mtu akiwa na kazi nzito nyumbani, wanaume wa mtaa wanakuja. Leo wanakuinulia kenchi za nyumba, kesho wanamchimbia mwingine choo, na wewe kazi yako ni kuwapikia. Na kitu kilichoinuliwa na mikono ya mtaa, mtaa unajua una fungu lake ndani. Hakuna anayelitamka, lakini hakuna asiyelijua. Nurudini naye analijua, kazaliwa hapa.

Wakaja. Pasikali, fundi seremala wa nyumba ya tatu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kila mara. Injini iliposhuka waliibeba kwa mti mabegani, yeye mbele. Ilipopanda waliipandisha hao hao. Walivukuta moto wa kukunjia mabomba, walisukuma gari mpaka barabara ya Makere lilipogoma kuwaka, walikula maharage ya mama yetu wakashiba. Kila wakipita wanamsalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha wanauliza, "Gari letu linaendeleaje?" Na Nurudini anajibu, "Linatengenezwa."

Linatengenezwa. Hilo ndilo jibu alilowapa miaka yote ile. Nilimwambia, nasema mbele ya Mungu nilimwambia, "Nuru, waambie watu unatengeneza nini." Akasema wana macho, viti si wanaona vimetoka? Wao wakadhani viti viko kwa fundi wa kushona. Mabomba wakadhani ya kuimarisha bodi, maana barabara zetu mnazijua. Kila mtu aliona alichotaka kukiona, na yeye akawaacha hivyo hivyo kwa sababu alihitaji mabega yao. Hapo ndipo alipokosea, na ndugu yangu ingawa ni wa damu siwezi kumtetea.

Machi 2015 akalitoa nje. Alikuwa amelipaka rangi ya chungwa, likapendeza. Mtaa mzima ukaja, wanawake wakapiga vigelegele. Pasikali akamleta mkewe Verediana, ambaye tumbo lilikuwa kubwa, amebakiza wiki chache. Watu wakachungulia ndani. Kiti kilikuwa kimoja. Mlango wa abiria ulikuwa umechomelewa. Buti nalo halifunguki, na hata lingefunguka, mabomba yamejaa.

Vigelegele vikaisha. Pasikali akazunguka gari lote, akarudi, akauliza kwa upole, "Bwana mdogo, mgonjwa atakaa wapi?"

Mdogo wangu alikuwa na furaha ya ajabu siku ile. Nadhani hata hakuyapima maneno yake. Alicheka, akasema, "Mgonjwa apande bodaboda, kaka. Mimi nimebeba wagonjwa inatosha."

Mama yetu, Bi Anifa, alikuwa amekaa kibarazani. Akajifunika uso kwa mtandio.

Uchungu ulimshika Verediana asubuhi moja ya mvua. Pasikali hakuja kwetu kugonga. Alimpitisha mkewe mbele ya mlango wetu juu ya pikipiki, yeye amemshika kwa nyuma, na Datsun ya rangi ya chungwa iko uani inang'aa. Kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu pikipiki ikaserereka, wote wakaanguka. Wakafika hospitali wamelowa tope. Mama akapona, mtoto hakupona.

Angekufa hata bila kuanguka? Pengine. Wakunga wanasema kamba ya kitovu ilimzonga. Lakini nenda wewe kamwambie hivyo mwanamke ambaye maziwa yanamchuruzika na hana wa kumnyonyesha. Mimi nilikwenda, nikakaa naye, sikumwambia chochote.

Mama yetu akamwita Nurudini. Akamwambia, "Mwanangu, nenda kwa miguu yako. Kaa chini mbele ya Pasikali, useme umekosa. Mimi ni mzee, nisije nikafa mtaa umetununia." Hakumwomba kingine. Alilirudia jambo hilo asubuhi na jioni, mpaka likawa kama dua yake: asife watu wakiwa wamenuna.

Na Nurudini alifanya nini? Aliona aibu. Alikuwa anafika mpaka uzio wa Pasikali anarudi. Mwisho akanunua sukari na sabuni na khanga doti moja, akampa kijana wa bodaboda apeleke. Wa bodaboda, jamani. Niliposikia nilikaa chini. Mzigo ulirudi kabla chai haijapoa, umewekwa mlangoni kwetu, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyetusalimia. Mama akienda bombani wanawake wanasogea pembeni, wanamwacha achote peke yake, na ndoo hawamtwishi. Mwanamke aliyewalea watoto wao. Na hilo nalo sitawasamehe, waandike popote wanapotaka. Kosa lilikuwa la mwanaume mwenye ndevu zake, wakamwadhibu bibi wa miaka sabini.

Julai wafanyabiashara wa Kibondo pamoja na watumishi kadhaa waliohamishiwa huko wakaandaa mashindano ya magari kwenye barabara ya vumbi nje ya mji. Nurudini akaenda. Nilipanda basi nikamfuata, maana ndugu ni ndugu, na sikutaka akose hata mtu mmoja wa kumshangilia. Yalikuwapo magari mapya yenye nguvu kuliko lake, mengine ya madaktari, mengine ya makandarasi. Lake lilipita mbele yangu likilia kwa sauti nyembamba, linakata kona kwa ubavu, vumbi limefunika shamba la mihogo, na ndani nikamwona amekaa wima, mtulivu. Sijawahi kumwona vile kabla wala baadaye. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alishika nafasi ya pili.

Sijui alitegemea nini aliporudi. Aliingia mtaani jioni jua halijazama, polepole, kikombe kakiweka mbele kwenye kioo. Pasikali alikuwa nje anapiga randa ubao. Hakuinua kichwa. Watoto walianza kukimbilia gari, wakaitwa ndani kwa majina yao, mmoja mmoja. Nurudini akaingiza gari uani, akazima injini, akakaa humo humo kwenye kile kiti chake. Mama akamwambia chakula kiko tayari, akasema hana njaa.

Mama alifariki Septemba, baada ya swala ya alfajiri, bila kuugua sana. Na alikuwa ameacha neno: azikwe Makere, kando ya baba na mama yake.

Ndugu msomaji, Makere si mbali kwa mwenye gari. Nilikwenda kwa mwenye kipikapu akasema betri imekufa. Nikaenda kwa mwenye Noah, mkewe akatoka akasema amesafiri, na mimi nasikia kikohozi chake chumbani. Waislamu wenzetu wa msikitini walikuja, hilo ni la dini na Mungu awalipe, lakini wote walikuwa watu wa pikipiki na wa miguu. Majirani hawakuja. Huko Makere kaburi ilibidi tuwaombe watu wa ukoo wa mama wachimbe, kwa simu, kwa kubembeleza, wakati kwetu kaburi huchimbwa na mtaa kabla hujamaliza kulia.

Mama akiwa anaoshwa ndani, nilisikia msumeno wa chuma uani. Nurudini alikuwa amepiga magoti ndani ya gari anakata mabomba yake. Lile refu lililopita nyuma ya kiti ndilo alilianza. Nikaingia nikamshikia upande wa pili lisimwangukie. Chuma kile kilikuwa kigumu, mikono ikamchubuka, damu ikachanganyika na vumbi la chuma. Sauti ya msumeno ilisikika mtaa mzima, na kwa Pasikali randa ilinyamaza. Nikasema moyoni, sasa anakuja. Mtu hawezi kusikia vile asije. Nikawa naangalia lango. Hakuja, wala yeye wala mwingine yeyote. Nurudini akalikata buti kwa patasi, akalifungua, tukamlaza mama amenyooka, jeneza la msikiti limetokeza kidogo nyuma, tukalifunga kwa kamba. Akaondoka naye peke yake, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, na pikipiki zikafuata.

Mimi nilibaki na mikeka. Nilikuwa nimeitandika yote uani kwa mazoea tu, kama mfiwa yeyote, nikakaa kwenye mmoja. Hakuna aliyekuja kuwasha moto, hakuna aliyekuja na sufuria. Saa za mchana Verediana akaingia langoni. Alikuwa amejifunga khanga nyeusi, kabeba kuni kichwani. Akazitua, akakaa mkabala na mimi, akasema, "Nimekuja kwa mama yako, Shamsia. Alinitwisha ndoo nilipokuwa bibi harusi mgeni hapa. Kwa Nurudini sijaja." Akawasha moto, akanipikia uji, akakaa na mimi. Mumewe, alisema, hajui kama yuko hapa, na akijua basi.

Gari liliposikika linakuja, akanyanyuka, akafunga khanga yake vizuri, akapitia mlango wa nyuma.

Nurudini aliingia na udongo wa Makere kwenye viatu. Akaitazama mikeka, akautazama moto. Akaniuliza nani alikuja. Nikamwambia, Verediana. Akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwambia amesikia gari lako.

Kwenye maziko, wale wa pikipiki waliniambia, hakutoa chozi. Hapo uani alikaa chini, akalia mpaka nikaogopa.