Herufi Moja Mkiani

Gerbrich Zijlsma aliuliza swali moja mara tatu, na mara zote tatu shemeji yake alimjibu habari za feni.

"Hylke, nakuuliza skrini itachomekwa wapi. Picha itatoka wapi?"

"Feni hii, shemeji, haipigi kelele hata chembe. Utadhani mashine imekufa."

"Iliyokufa ninayo tayari."

Alikuwa nayo kweli. Kompyuta aliyoitumia miaka kumi na minne kupanga gazeti la kijiji cha Eastrabuorren ilitoa harufu ya plastiki inayoungua siku ya Ijumaa, katikati ya ukurasa wa tanzia, na haikuwaka tena. Kazi yenyewe ilikuwa salama kwenye flashi aliyoifunga pamoja na ufunguo wa baiskeli. Lakini mpiga chapa wa Dokkum alizitaka kurasa kabla ya Alhamisi saa sita mchana, na mwenyekiti wa kijiji, Sytske, alikwisha kupiga simu kwa ile sauti laini anayoitumia akitaka kufuta kitu. Kamati imetenga euro mia tatu na hamsini za mashine mpya, alisema. Gazeti lisipotoka mwezi huu, habari zitahamia kwenye kundi la simu, na hakuna atakayelia.

"Froukje atalia," alisema Gerbrich. Froukje ana miaka tisini na moja, hana simu ya kuperuzi, na husoma gazeti lote kwa lenzi, kuanzia kichwa cha habari cha kwanza hadi anwani ya mpiga chapa.

"Basi litoke," alisema Sytske.

Gerbrich alipima mafuta ya maziwa kiwandani kwa miaka thelathini na hapendi makadirio. Aliandika nyuma ya bahasha kazi ambazo mashine ingefanya: kupanga maandishi, kusafisha picha za mnada wa kondoo, kufungua barua pepe. Michezo, hapana. Kwa kazi hizo, alivyosoma, hakuna haja ya kununua kadi ya picha. Inatosha prosesa, ule ubongo wa mashine, yenye uwezo wa picha ndani yake. Jambo hilo alilipigia mstari. Kisha akafanya kosa lake moja, akamwachia Hylke aagize.

Hylke, mdogo wa marehemu mumewe, alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe tangu ujana, na anaamini kila chenye nyaya ni ukoo huohuo. Tena ni mtu wa kushika senti hadi ipate joto. Prosesa iliyoandikwa kwenye bahasha aliipata mahali pengine kwa bei iliyopungua euro kumi na nane. Jina lilelile, namba ileile, ila mkiani ilikuwa na herufi moja ya ziada.

"Hii F ni ya nini?" Gerbrich aliuliza vifurushi vilipofika Jumatatu.

"F ya Friesland, shemeji. Hatimaye wametukumbuka."

Alicheka peke yake. Kwa mtu aliyepeperusha bendera ya mkoa wao huo juu ya banda la matrekta, haukuwa mzaha mtupu.

Jumanne aliiunda mashine juu ya meza ya chakula, akasogeza kando mkate wa sukari ambao Gerbrich alikuwa bado hajaukata. Alibonyeza kitufe. Feni zikazunguka kimya, kama alivyoahidi. Kwenye madabodi, bamba kuu linalobeba vifaa vyote, kikawaka kitaa cheupe. Skrini ikabaki nyeusi.

"Kebo," alisema Hylke.

Gerbrich akaleta kebo nyingine.

"Basi skrini yako imezeeka."

Akaichomeka skrini kwenye king'amuzi cha televisheni. Ikaonyesha mtu akipika samaki.

"Umeme wa kijiji hiki nao..."

"Hylke. Kitaa kile cheupe ni cha nini?"

"Pambo. Vijana wanapenda vitaa."

Gerbrich alivaa miwani, akatoa kijitabu kilichokuwa bado kwenye nailoni, akasoma ukurasa baada ya ukurasa huku shemeji yake akikaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Ukurasa wa ishirini na nane ulisema kitaa kikiwaka hapo, mashine haijaona chanzo cha picha. Wa thelathini na moja ulisema prosesa zenye herufi F mkiani hazina uwezo wa picha, na zinahitaji kadi.

Alimsomea kwa sauti, polepole, mara mbili.

"Wangeandika juu ya boksi," alisema Hylke.

"Wameandika. Wameandika F."

Jumatano walikwenda Leeuwarden kwa gari la Gerbrich. Hylke alipakata kiboksi njia nzima, kama aliyebeba mayai. Muuzaji wa mtandaoni alikwisha kumjibu kwamba kilichofunguliwa hakirudi. Dukani Hylke alilipia prosesa isiyo na herufi mkiani, kwa pesa zake, bila kuomba punguzo, jambo ambalo Gerbrich hakuwahi kuliona. Nyumbani alipotaka kuifunga, aliambiwa akae.

Gerbrich aliifunga mwenyewe kwa mkono uliozoea vioo vya maabara. Skrini ikawaka. Kurasa zilifika Dokkum Alhamisi, saa sita kasorobo.

Gazeti lilipotoka, Hylke alilileta likiwa limekunjwa kwenye ukurasa wa sita. Chini ya matangazo ya baiskeli ya mtoto na vifaranga vya bata palikuwa na jingine: *Inauzwa prosesa moja, mpya, nzima, haioni. Muulize Hylke Zijlsma.*

"Haioni, shemeji?"

"Inaona?"

"Ungewaambia basi feni haipigi kelele."

"Feni haiuzwi."

Simu ililia. Alikuwa Froukje. Gerbrich alijua hakutaka prosesa, akangoja.

"Ukurasa wa pili," alisema Froukje. "Kuna herufi moja umekosea."