Namna ya Kumwamsha Askari

Mkono wa kushoto wa Marion ulivunjika Jumapili asubuhi, chai ikiwa tayari mezani. Alimwinamia mumewe kitandani, akamgusa bega na kumwita "Baba Kendi," kama alivyomwamsha kwa miaka sita. Koplo Muriuki wa jeshi la Uingereza alikuwa na siku tisa tangu arudi kutoka Mali. Aliukamata ule mkono kabla hajafumbua macho, akaukunja juu ya goti lake kama mtu anayevunja kuni, na kiganja chake cha pili kikamshika mkewe koo. Alipofumbua macho aliona ni nani. Akamwachia, akakimbilia chooni, akatapika.

Katika hospitali ya London Marion alisema ameanguka kwenye ngazi. Muuguzi aliandika hivyo. Kisha Marion akakaa kwenye benchi kusubiri plasta, akampigia dadake simu Meru na kumdanganya naye vilevile, kwa Kiswahili, ili watu wa karibu wasielewe. Mwanamke aliyeketi pembeni yake alielewa. Alivaa sare ya kufanyia usafi, na nyusi yake moja ilikatwa katikati na kovu.

"Ulimugusa wapi?" aliuliza.

Marion alimgeukia.

"Bwana yako. Ulimugusa wapi? Bega ao kichwa?"

"Bega."

"Mie nilimugusa kichwa," alisema yule mwanamke, akionyesha kovu. "Mama, mutu akitoka vita usimuguse na mukono. Simama ku mulango. Kamata mupini wa ufagio, umusukume mu mguu. Na usimwite jina la nyumba. Mwite kama wakubwa wake wanavyomwita."

Huyo alikuwa Agathe, mzaliwa wa Bukavu. Vita alivijua kabla ya kuolewa. Mumewe, Anselme, alilelewa Wembley na kuvijulia jeshini. Kikundi kilianzia kwenye benchi lile. Baada ya miaka miwili walikuwa wanawake wanane, wote wake wa askari, wote wakiishi katika nyumba za jeshi nyuma ya Rayners Lane, na kila Jumanne walijaa jikoni kwa Marion hadi wengine wakakalia ngazi.

Nimekaa katika miji kadhaa yenye kambi, Djibouti na Saiprasi miongoni mwao, na kote nimeona wake wa askari wakipangana kwa vyeo vya waume zao, mke wa sajini akiingia kabla ya mke wa koplo. Jikoni kwa Marion cheo kilikatazwa. Kila mwanamke alikaa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Aliyejifungua mume akiwa nje ya nchi alishikwa mkono na wenzake wawili. Barua za nyumba na za viza zilisomwa kwa sauti, zikajibiwa palepale. Marion, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani kule Harrow, alijua kuzungumza na maofisa bila kupandisha sauti, na simu nyingi ndiye aliyezipiga.

Na kila mgeni alifundishwa kuamsha. Walifanya mazoezi hasa. Mmoja alilala chini akijifanya mume, mwingine akasimama mlangoni na ufagio, wakacheka mpaka machozi.

"Wewe ukikoroma hivyo nitakuacha ulale mpaka pensheni!"

Nancy aliingia katika kikundi hicho akiwa na miaka ishirini na nne, mwezi mmoja tu London, viza yake ikiwa imefungwa kwenye jina la mumewe. Mume aliitwa Tom, Mkenya mwenzao, mcheshi, aliyebeba viti vya watu bila kuombwa. Jumanne ya tatu Nancy alikuja na jicho lililofumba kwa kuvimba.

"Ulimgusa wapi?" Marion aliuliza.

Nancy aliwatazama wote. "Kifua," akasema.

Wakamfundisha. Wiki mbili baadaye alikuja na vidole viwili vimevimba, wakamwambia huenda mpini wake ni mfupi, Agathe akamletea mrefu zaidi. Mwezi uliofuata alikuwa na mbavu zilizomzuia kucheka. Wakamwambia asilale kitanda kimoja naye, alale sebuleni kwenye kiti. Nancy akafanya hivyo. Hakubisha hata mara moja. Kila walichomuuliza alikijibu kama walivyokiuliza: bega, mguu, nywele.

Mwezi wa nne tangu Nancy ajiunge, wakila chakula cha jioni, Marion alimwambia mumewe kwamba usingizi wa Tom umezidi kuwa mbaya, pengine yeye Muriuki amshauri aende kwa daktari wake. Muriuki alikuwa akitibiwa mwaka wa pili sasa, na alilala chumba cha peke yake kwa hiari.

"Tom yupi?"

"Mume wa Nancy. Labda mliona mambo yaleyale huko."

"Huko wapi, Mama Kendi? Tom ni wa stoo. Anahesabu blanketi. Hajawahi kutoka nje ya Uingereza na bunduki."

Marion aliweka kijiko chini. Mtu anaweza kuota mabaya bila kwenda vitani, alijua hilo, lakini alianza kurudisha nyuma majibu yote ya Nancy, na akaona kwamba hakuna siku Nancy alisema Tom alikuwa amelala. Walimsemea wao.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alichukua ufunguo wa Nancy na kwenda bila kupiga simu.

Alisikia vishindo kabla hajafika mlangoni. Alifungua. Redio ilikuwa ikichambua mpira. Tom alisimama jikoni na buti zake zimefungwa kamba hadi juu, kikombe cha chai mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alimshika Nancy nywele, uso wake umebanwa kwenye mlango wa jiko. Alimgonga. Akanywa chai. Akamgonga tena.

"Tom!"

Aligeuka taratibu, wala hakuachia. "Mama Kendi. Karibu. Huyu amenigusa nikiwa nimelala."

"Umelala na buti? Umelala na chai mkononi?"

"Si nyinyi ndio mlimfundisha?" Alitabasamu. "Kila mtu hapa anajua hii ni vita. Hata daktari atasema ni vita."

"Vita gani, Tom? Wewe unahesabu blanketi."

Kikombe kilimpata Marion juu ya sikio, na ngumi ikafuata. Alianguka na kiti. Buti ilimwingia tumboni mara mbili, na mara ya tatu aliikamata kwa mikono yote akaing'ang'ania, huku akiburutwa sakafuni juu ya vigae vilivyolowa chai. Nancy aliinuka. Damu ilikuwa imemziba macho, alipapasa tu, mkono ukakutana na sufuria ya chuma, akamshushia mumewe kwenye shingo. Tom alipiga goti moja. Kisha akamrukia, vidole vyote kumi kooni, na miguu ya Nancy ikaanza kupiga kabati. Marion alishika mguu mmoja wa kile kiti, akakivunja juu ya mgongo wa Tom. Akashika kipande kilichobaki, akapiga tena, akapiga kiwiko, akapiga mpaka vidole vikaachia.

Sauti ya mzee ilitoka ng'ambo ya ua wa nyuma. "Wewe kijana! Wacha mama! Mimi nasikia yote, na polisi nimeita!"

Alikuwa Mzee Paresh, mzaliwa wa Kisumu, ambaye nyumba yake ilipakana na zile za jeshi. Nancy hakujua kwamba nyuma ya ua kulikuwa na mtu anayeelewa Kiswahili. Tom pia hakujua.

Polisi walimkuta Tom amekaa chini, ameshika kiwiko, mpole. Aliwaeleza kwa Kiingereza kizuri kwamba yeye ni askari, kwamba usingizi wake una matatizo, kwamba wanawake wote wa mtaa huu wanalijua jambo hili. Akamnyooshea Marion kidole. "Mwulizeni huyo. Ndiye mwalimu wao."

Polisi wa kike alimgeukia Marion na kumuuliza kama ni kweli.

Sikio lake moja lilivuma tu. Alijua jibu lolote lingemfikisha wapi. Akisema anaijua hali hiyo, angeulizwa ameijulia wapi, na mkono ulioandikwa ngazi ungefunuliwa, na Muriuki angenyang'anywa silaha, pengine kazi, pengine nyumba. Akinyamaza, Nancy angerudi kwenye jiko hili.

"Wa usingizini namjua," alisema. "Ninaye nyumbani. Alinivunja mkono akiwa hajui ni mimi, nikadanganya hospitali. Huyu alikuwa macho. Alikuwa anakunywa chai."

Mzee Paresh aliongeza yake akiwa ameegemea ua, na akaomba iandikwe: alimsikia yule kijana asubuhi ile akimuuliza mkewe kwa nini sukari imezidi, na kipigo kikafuata swali.

Jioni Muriuki alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Ungekataa?"

Alifikiri. "Ningekataa."

Aliondolewa kwenye zamu za silaha wiki ileile, na mpaka leo hajajua kama atabaki jeshini. Nyumba mbili za kikundi zilirudisha funguo, waume walikataza. Tom aliwekwa rumande. Nancy alipelekwa kwenye makazi ya wanawake, kisha akapata chumba Wembley na kazi ya kufagia uwanja baada ya mechi. Kuna njia ya mke aliyepigwa kuomba viza kwa jina lake mwenyewe, na wakili alikuwa akiifuatilia. Nancy aliusoma ujumbe wa Marion, hakujibu. Miezi mitatu.

Alikuja Jumanne moja, bila kuarifu. Hakukaa.

"Nilikuja hapa na jicho limefumba," alisema, "mkaniuliza nilimgusa wapi. Miezi miwili nililala kwenye kiti nikidhani kosa liko mkononi mwangu."

"Najua," Marion alisema.

"Hujui. Wako alitapika."

Nancy alitoa bahasha mkobani, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe.

"Alhamisi wakili anataka shahidi aandike maelezo. Saa tatu, Harrow."

"Mie nitaenda," Agathe alisema haraka, na wengine wawili wakainua mikono.

"Hapana," Nancy alisema. "Aje Marion. Yeye aliona."

Marion alisoma anwani kwenye bahasha, akauliza ni basi gani linalofika mtaa huo.