Mashua Zilizongoja Zamu

Enzi za Mwingereza, sisi watoto wa Suji, kijiji cha milimani, tulikuwa hatujaona maji mengi kuliko yale ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, ambalo kila ukoo ulikuwa na siku yake ya kulifungulia. Mnakumbuka, wenzangu? Tukitoka shule tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya migomba mpaka nguo zikatoboka nyuma, kisha tukaingia nyumbani kinyumenyume ili mama asione.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wetu alirudi kutoka likizo pwani na picha nyeusi na nyeupe ya mashua tatu, akaitundika ukutani. Wengi hatukuona mashua. Tuliona shuka zimeanikwa. Akatueleza kwamba zile ni matanga, na kwamba upepo ndio unaosukuma chombo. Kisha akauliza kwa nini mzungu aliyeipiga picha ameziweka mashua chini kabisa, ndogo, karatasi yote iliyobaki akaiachia mbingu. Elia, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akasema mzungu yule aliogopa kusogea, asije akalowa. Tulicheka mpaka kengele ikagongwa.

Mwalimu akatangaza kuwa Ijumaa tutaandika juu ya picha ile, hali yake ikoje, na atakayeandika vizuri ataondoka nayo nyumbani hadi Jumatatu. Nikaitaka picha ile. Bibi yangu alikuwa ameumia mguu, hawezi kupanda mpaka shuleni, na kila jioni aliniuliza bahari inafananaje, nami nikashindwa kueleza. Ila nilikuwa na haya, tena mkono wangu ulikuwa mzito. Wenzangu wakijaza kibao kizima, mimi bado naandika jina.

Ijumaa niliitazama picha muda mrefu. Maji yametulia, matanga yamelegea, watu wameketi tu. Kengele ilipogongwa nilikuwa na sentensi mbili: maji yametulia kama ndiva ambayo haijafunguliwa, mashua zinangoja zamu. Mwalimu akazisoma kwa sauti. Elia akaangua kicheko.

"Ziko majini tayari. Zinangoja zamu ya nini tena?"

"Ya upepo," nikasema. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Mwalimu aliishusha picha, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanikabidhi mbele ya Elia.

Niliibeba mikononi kama mtoto mchanga. Nilimwamkia Bibi shikamoo, nikampa, wala sikumwambia nilichoandika. Akaiweka magotini, akaitazama mpaka makande yakaanza kunuka kuungua. Mwishowe akainua uso.

"Ndiva imejaa namna hii," akasema, "leo ni zamu ya nani?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Makande tuliyala hivyo hivyo, na ukoko wake.

Watoto wa siku hizi wana mikono myepesi. Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka pwani na picha mia moja ndani ya simu. Kabla sijavaa miwani, amekwishafika ya arobaini. Nikamwomba arudi kwenye ile ya kwanza. Mashua moja, imetulia, tanga limelegea. Mtoto akaanza kuhangaika na kidole chake.

"Bibi, tuendelee?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Upepo bado."